Jinsi ya kubandika kipima moyo cha ngozini kikakaa siku 14

Mgonjwa anakuja akilalamika moyo unamwenda mbio mara mbili tatu kwa wiki, dakika chache, kisha unatulia. Unampima ECG ya kawaida, yaani kipimo cha umeme wa moyo, sekunde kumi, karatasi inatoka safi. Unamvisha Holter, kile kisanduku chenye nyaya, saa 24 au 48, nayo inarudi safi kwa sababu siku hizo moyo ulitulia. Hapo ndipo kibandiko kinapopata kazi: kidude chembamba cha plastiki laini, ndani yake elektrodi, betri na kumbukumbu. Kinakaa kifuani na kurekodi kila pigo, na aina nyingine hukaa hadi siku 14.

Mwaka 2014 watafiti wa Scripps, taasisi ya tiba na utafiti huko California, walichapisha matokeo ya wagonjwa 146 waliovaa vifaa vyote viwili. Katika saa 24 za kwanza Holter ilishinda, ikinasa matukio 61 ya mapigo yasiyo ya kawaida dhidi ya 52 ya kibandiko. Siku zote za kuvaa zilipohesabiwa, kibandiko kilifika 96. Yaani nguvu yake yote iko kwenye kukaa. Kikibanduka siku ya pili, heri ungemvisha Holter tu.

Hatua ya 1: Uliza kwanza

Ana mzio wa plasta? Amewekewa betri ya moyo? Ana kipimo cha MRI wiki mbili hizi? Kisha tazama kifua chake kwa mwanga mzuri kama kuna keloidi. Kifua ni mojawapo ya sehemu ambazo makovu hayo hupenda kuota, na kwa watu wenye ngozi nyeusi si jambo la nadra. Ukiona hata moja, usinyoe wala kusugua ngozi kwanza, mshauriane na daktari.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Aina nyingi hukaa kifuani kushoto, chini kidogo ya mtulinga, kwa mshazari. Fuata mchoro wa kampuni iliyotengeneza, ila usiuamini kuliko macho yako. Mwambie mgonjwa ainue mkono wa kushoto na kuzungusha bega. Ngozi ikikunjika pale ulipolenga, sogea. Kwa akina mama, kaa juu ya titi, na angalia mkanda wa sidiria na wa mkoba unapita wapi.

Hatua ya 3: Andaa ngozi

Hapa usiwe na haraka. Umeme wa moyo unaofika kifuani ni kama milivolti 1 tu, na njiani unakuta tabaka la seli zilizokufa lenye unene wa mikroni 10 hadi 20 hivi. Ni jembamba kuliko unywele, lakini linazuia umeme kwelikweli. Likibaki na mafuta juu yake, utapata mistari ya kutetemeka ambayo hakuna daktari atakayeisoma.

Kama mgonjwa ametembea juani, hasa sisi wa Pwani mwezi wa Januari, mkalishe chini ya feni hadi jasho likatike. Nyoa kwa mashine, si wembe mkavu. Osha kwa sabuni na maji kabla ya spiriti. Wengi huruka hapa, na mtu aliyejipaka mafuta ya nazi asubuhi ukimfuta kwa pamba moja ya spiriti, unayasambaza tu. Sugua taratibu kwa kisugulio kilichomo kwenye pakiti mpaka ngozi ipoteze mng'ao, usifike kwenye wekundu wa kuuma. Futa kwa spiriti, acha ikauke yenyewe. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu.

Hatua ya 4: Bandika

Akae wima, mabega yamelegea. Usiivute ngozi ili ionekane nyororo. Ikirudi mahali pake itavutana na gundi na kutoa malengelenge. Anzia katikati, lainisha kuelekea kingo, kisha kandamiza kwa kiganja dakika mbili nzima ukitazama saa. Gundi hii hushika kwa mgandamizo, na joto la mkono wako linasaidia.

Hatua ya 5: Mfundishe kuishi nacho

"Mama, leo kifua kisiguse maji. Kuanzia kesho oga kwa kopo, mgongo kwanza, na baharini usiingie hadi tukitoe."

Mwonyeshe kitufe cha kibandiko na abonyeze mbele yako. Akisikia moyo kuruka au kizunguzungu, abonyeze kisha aandike alichokuwa anafanya na saa. Kuhusu saa, kuwa mkali. Akiandika "saa 2" bila kusema asubuhi au usiku, na ripoti inasoma 08:00 au 20:00, mtabaki mnabahatisha. Aandike asubuhi, mchana au usiku kila mara. Kubadilisha ni kazi yako.

Aandike pia anapopiga mswaki. Si utani: mkono ukienda mbele na nyuma haraka, misuli ya kifua hutoa mawimbi yanayofanana na mapigo hatari ya vyumba vya chini vya moyo. Kufua kwa mikono na kukuna nazi viwekwe kundi hilo hilo.

Na hili alirudie kwa mdomo wake: aina hii inatunza kumbukumbu, haimwiti mtu. Maumivu ya kifua, kuzimia, kukosa pumzi, mdomo kwenda upande, aende hospitali hapo hapo.

Usichoweza kukisoma humo

Wagonjwa huuliza kama kinapima presha. Hakipimi, wala hakioni mishipa ya ateri iliyokakamaa au kuziba. Kipo cha namna nyingine kwenye utafiti: mwaka 2018 kundi la Chuo Kikuu cha California, San Diego, lilionyesha kibandiko cha mawimbi ya sauti chenye unene wa mikroni 240 kinachofuatilia presha ndani ya mishipa iliyo chini ya ngozi. Kwa presha, endelea na mkanda wa mkononi. Rangi ya ngozi haikisumbui kibandiko chetu, maana kinasoma umeme; saa za mkononi hutumia mwanga wa kijani, na melanini, rangi asilia ya ngozi, huumeza kwa sehemu.

Hatua ya 6: Kukitoa

Paka mafuta kidogo pembeni, subiri, kisha vuta taratibu ukikilaza sambamba na ngozi huku kidole kingine kikishikilia ngozi nyuma yake. Usikinyanyue juu kwa mkupuo. Wekundu wa umbo la kibandiko ni kawaida na hufifia; vidonda au majimaji, mwandikie daktari. Kabla ya kukituma kikasomwe, linganisha namba ya kifaa na jina kwenye fomu, na karatasi ya dalili iende pamoja nacho.