Kanda ya muuaji inapofika chumba cha habari: mwongozo kwa wahariri wa Dar es Salaam

Mwongozo huu unamhusu mhariri wa zamu ambaye jioni moja, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikiwa inakaribia, analetewa kwenye simu au kwenye flashi video ambayo mtu aliyeua watu wengi siku hiyohiyo alijirekodi mwenyewe. Muuaji anazungumza mbele ya kamera, anaeleza sababu zake, ameshika silaha, na pengine ametaja hata kituo ambacho angependa kimwoneshe. Jiji zima linataka kujua kilichotokea, mkurugenzi anapiga simu, na kijana wa mitandao ya kijamii ameshaandaa kichwa cha habari. Uamuzi utakaofanywa katika dakika hizo hautarudishwa nyuma, kwa hiyo unapaswa kuwa umefikiriwa mapema, siku ambayo hakuna presha, na kuandikwa mahali ambapo kila mwenye zamu anapajua.

Maelekezo yote yanayofuata yanategemea msimamo mmoja. Rekodi ambayo muuaji ameiandaa ili itangazwe ni sehemu ya shambulio lenyewe. Tazama kilichotokea Aprili 16, 2007, katika chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani, ambako mwanafunzi mmoja aliua watu 32. Asubuhi aliua wawili kwenye bweni. Kisha, kabla ya kwenda kuwaua wengine 30 katika jengo la madarasa, alipitia posta akatuma kifurushi kwenda kituo cha televisheni cha NBC jijini New York, chenye video, picha zake akiwa ameelekeza bastola kwenye kamera, na maandishi marefu. Mtu huyo alikatiza mauaji ili akalipie kifurushi dirishani, kisha akarudi kuua. Kwa hesabu zake, posta ilikuwa hatua mojawapo ya mpango, na chumba cha habari kilikuwa hatua iliyofuata.

Kifurushi kilifika siku mbili baadaye. NBC iliwakabidhi wapelelezi wa FBI vitu halisi, ikabaki na nakala, na jioni hiyohiyo ikarusha sehemu ya video na picha zikiwa zimebandikwa nembo ya kituo. Vituo vingine vikazichukua na kuzirudia. Baadhi ya familia za waliouawa zilifuta mahojiano ambayo zilikuwa zimekubali kufanya na NBC, na vituo kadhaa vikatangaza kupunguza matumizi ya picha hizo baada ya kuwa zimekwisha kuonekana kila mahali. Shirika la utangazaji la Kanada, CBC, liliamua tangu mwanzo kutozirusha, na mhariri wake mkuu wa habari, Tony Burman, akasema wazi kwamba uamuzi wa NBC ulikuwa kosa. Watazamaji wa Kanada hawakupungukiwa na habari yoyote ya msingi: walijua nani ameua, wangapi, wapi, kwa silaha gani, na kwamba kuna kifurushi.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuhifadhi, na jambo hili huharibika kwa sababu ndogo kabisa, kwamba kila aliyepo chumbani anataka kuona. Aliyepokea faili asilitume kwa mtu mwingine. Aandike lilimfikia saa ngapi, kutoka namba au anwani gani, na kama lilikuja na ujumbe wowote. Nakala moja iwekwe mahali penye nywila, na polisi wajulishwe mara moja, kwa sababu ndani ya video kunaweza kuwa na jina la mshirika, picha ya nyumba, au dalili ya shambulio la pili. Kukataa kurusha si kufuta. Rekodi za redio RTLM ya Rwanda, zile sauti zilizochochea mauaji ya mwaka 1994, zilitunzwa na zikawa ushahidi hapa kwetu Arusha, ambako Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwatia hatiani viongozi wa vyombo vya habari mwezi Desemba 2003. Mahakama, wachunguzi na watafiti watahitaji kanda. Sebule ya mtu wa Mbagala usiku huo haihitaji.

Kisha amua ni nani wataitazama. Wanatosha wawili au watatu: mhariri wa zamu, mhariri mwandamizi mmoja, na mwanasheria wa kampuni akipatikana. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo asipewe kazi ya kuandika maneno ya muuaji neno kwa neno, kama inavyotokea mara nyingi kwa kuwa yeye ndiye hana wa kumwagizia. Itazameni kwanza bila sauti, kwenye skrini ndogo, mkiandika yaliyomo, kisha msikilize sauti peke yake. Utaratibu huu hupunguza athari kwa anayetazama, na pia humzuia muuaji kuwateka kwa namna alivyoipanga video yake.

Baada ya hapo linakuja swali ambalo ndilo kazi yenyewe ya mhariri: kanda hii ina taarifa gani ambayo wananchi wanaihitaji na ambayo haiwezi kuelezwa kwa maneno yetu? Jibu liandikwe katika sentensi moja. Kama sentensi hiyo inasema tu kwamba watu watataka kuiona, hakuna sababu ya kihabari. Udadisi wa watu ni wa kweli na haustahili kudharauliwa, lakini unatoshelezwa na maelezo kamili zaidi kuliko unavyotoshelezwa na dakika moja ya vitisho.

Zipo hali ambazo jibu ni la kweli. Hali iliyo wazi kuliko zote ni pale muuaji hajakamatwa na sura au sauti yake inaweza kumtambulisha. Septemba 1995, gazeti la Washington Post lilichapisha waraka wa maneno takriban 35,000 wa mtu ambaye kwa miaka 17 alikuwa akituma mabomu kwa posta nchini Marekani. Mamlaka za uchunguzi ziliunga mkono uchapishaji huo, ndugu yake akatambua fikra zake na namna yake ya kuandika, na Aprili 1996 akakamatwa. Hali nyingine ni pale rekodi inapopinga maelezo ya mamlaka kuhusu jambo zito, kwa mfano kama inaonesha kwamba onyo lilitolewa mapema na halikufanyiwa kazi. Katika nchi ambayo wananchi mara nyingi hujiuliza kama wameambiwa yote, sababu hii ina uzito, na mhariri asiifunike kwa kisingizio cha maadili. Hata hivyo, katika hali zote mbili kinachohitajika ni kipande: picha moja ya uso, sekunde chache za sauti, mstari mmoja wa waraka. Hakuna hali ninayoweza kuifikiria inayodai hotuba nzima.

Hapa inafaa kutenganisha kanda ya muuaji na picha za mashuhuda. Agosti 25, 2021, mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja karibu na Ubalozi wa Ufaransa, kwenye Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na kabla ya jioni simu nyingi za jiji hili zilikuwa na video zilizochukuliwa na watu waliokuwa jirani. Video hizo zilikuwa na maswali yake ya kimaadili, hasa kuhusu miili ya waliouawa na wapendwa wao ambao huenda walikuwa hawajapewa taarifa, lakini hazikupangwa na muuaji, na zilisaidia umma kufahamu tukio lililokuwa likiendelea mchana kweupe. Kamera ya dukani iko kundi hilohilo. Kanda ambayo muuaji amejipangia mwanga, mavazi na maneno iko kundi jingine, na inapaswa kupimwa kwa kipimo kikali zaidi.

Ukishaamua kutoirusha, usikae kimya kuhusu kuwapo kwake, kwa kuwa ukimya wa kituo kinachoaminika huwapeleka watu kwenye magrupu ya WhatsApp. Msomaji wa habari aseme jambo hili waziwazi. Maandishi yake yanaweza kuwa hivi: "Jeshi la Polisi linachunguza video ambayo mtuhumiwa alijirekodi kabla ya shambulio. Wahariri wetu wameitazama. Mtuhumiwa anasema aliandaa shambulio hilo kwa miezi kadhaa na anaeleza alikopata silaha, na polisi wamethibitisha suala la silaha. Hatutaionesha video hiyo, kwa sababu ilitengenezwa ili kuwatisha watazamaji na kumtukuza aliyeua." Sentensi hizi nne zinatoa habari yote. Zinaeleza pia kile kilichothibitishwa na kile ambacho ni dai la mtuhumiwa peke yake, tofauti ambayo hupotea kabisa pale anapoachwa aongee mwenyewe. Wauaji hudanganya kuhusu sababu zao, hujipa ukubwa wasiokuwa nao, na hudai kuwakilisha watu ambao hawakuwatuma.

Jina lake litajwe pale linapohitajika kueleza tukio, bila kulirudia katika kila sentensi wala kuliweka kwenye kichwa cha habari. Waziri Mkuu wa New Zealand wa wakati huo, Jacinda Ardern, aliliambia Bunge baada ya mauaji ya misikiti ya Christchurch mwaka 2019 kwamba hatalitamka kamwe jina la muuaji. Kiongozi wa nchi anaweza kufanya hivyo. Chombo cha habari hakiwezi kufika huko moja kwa moja, maana jina lisipotajwa huzuka uvumi na mtu asiyehusika akasingiziwa, na mjini kwetu uvumi wa namna hiyo unaweza kumuua mtu. Picha iwe ya kawaida, ya kitambulisho ikiwezekana, na isiwe ile aliyojipiga akiwa na bunduki.

Sehemu ngumu zaidi siku hizi si taarifa ya saa mbili, ni chaneli ya YouTube na kurasa za kituo. Muuaji wa Christchurch aliua watu 51, na alijirusha mubashara kupitia Facebook kwa dakika 17. Kampuni hiyo ilisema waliotazama wakati wa kurushwa hawakufika 200, lakini katika saa 24 za kwanza iliondoa nakala milioni 1.5. Kilichoieneza kanda ile ni watu waliokuja baadaye. Mei 2022, kijana aliyewaua watu 10 katika duka la Buffalo, Marekani, ambaye katika maandishi yake alimtaja muuaji wa Christchurch kuwa aliyemhamasisha, naye alijirusha mubashara. Twitch, mtandao wa kurusha video mubashara alioutumia, ilikata matangazo yake ndani ya dakika mbili, na bado nakala zikasambaa. Kwa hiyo katazo la chumba cha habari liwabane wote: mhariri wa mitandao, mpiga picha, mtangazaji mwenye wafuasi wengi kwenye ukurasa wake binafsi. Msikate kipande kwa ajili ya kava ya video. Msiweke kiungo, wala msitaje kichwa cha waraka wake kwa namna inayomsaidia mtu kuutafuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kanuni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zina la kusema kuhusu maudhui ya aina hii, na mwanasheria aulizwe, ila mhariri anayengoja kuogopa faini ndipo aamue amechelewa.

Nafikiria hasa mahali ambapo habari zetu husikilizwa. Televisheni ya Dar es Salaam haitazamwi na mtu mmoja aliyechagua kubonyeza. Iko juu ya kaunta ya mgahawa wa Kariakoo, iko kwenye banda la chipsi ambako mtoto ametumwa kununua za buku mbili, na sauti ya klipu hutoka kwenye simu ya abiria ndani ya daladala iliyojaa. Onyo la "picha zifuatazo zinaweza kukuathiri" halimfikii mtoto huyo, wala mama aliyekaa siti ya nyuma akitoka Muhimbili kumtambua mwanawe.

Familia zipewe taarifa kabla. Kama kipande chochote kitarushwa, hata sekunde tano, mtu wa kituo azungumze nazo kwanza kwa simu au kwa kufika msibani, aeleze kitakachooneshwa na saa ngapi. Haziombwi ruhusa, kwa kuwa uamuzi ni wa mhariri, lakini hakuna mfiwa anayestahili kukutana na uso huo ghafla akiwa amekaa kwenye mkeka na waombolezaji.

Kituo shindani kitaweza kuirusha. Hilo likitokea, swali lile la sentensi moja halijabadilika jibu.

Kesi ikifika mahakamani kanda itarudi, safari hii kama kielelezo, na shinikizo litarudi nayo. Nchini Norway, katika kesi ya aliyeua watu 77 Julai 22, 2011, mahakama ilikataza ushahidi wake mwenyewe kurushwa hewani, waandishi wakaripoti kwa maneno. Gazeti la Dagbladet liliwapa wasomaji wa tovuti yake kitufe cha kuondoa habari zote za kesi hiyo kwenye ukurasa. Nasi tunaweza kufanya la kwetu kwa urahisi. Faili lililohifadhiwa liandikwe jina la mhariri mwenye mamlaka ya kulifungua, tarehe na sababu ya uamuzi wa awali, ili mtayarishaji wa kipindi cha kumbukumbu mwaka mmoja baadaye, anayetafuta picha za kujazia dakika tatu, alazimike kumpigia mtu huyo simu kabla ya kugusa chochote.