Mizani iache, shika uzi

Kama ulianza mazoezi ukakatishwa tamaa na mizani, jaribu uzi. Chukua uzi wa katani usiovutika, zungusha kiunoni usawa wa kitovu, funga fundo panapokutana. Rudia kila Jumamosi asubuhi kabla ya chai; fundo jipya likiingia ndani ya lile la zamani, kiuno kimepungua. Uzito hupanda na kushuka hata kilo 1 au 2 kwa siku, hasa kwa maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni; ukila dagaa wa chumvi wa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, jioni, asubuhi mizani inakusuta bure. Mimi napanda kilima cha Capri Point, hapa Mwanza, alfajiri, na sato nakula wa kuchemsha (wa kukaanga namkumbuka, nisidanganye). Mwezi wangu wa kwanza wa mazoezi mizani haikusogea. Uzi una mafundo manne sasa, unaning'inia msumarini juu ya raba zangu.