Jinsi ya Kuikuza Bendi ya Roki Kutoka Mji Mdogo: Njia Waliyopita R.E.M.

Vijana wanaoanzisha bendi katika mji mdogo huambiwa mapema kwamba wasipohamia jiji kubwa hawatasikika. Ushauri huo naupinga, na shahidi wangu ni R.E.M., vijana wanne waliokutana Athens, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia, Marekani. Walipiga onyesho lao la kwanza tarehe 5 Aprili 1980, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya jengo lililokuwa kanisa, na hata walipokuja kuuza albamu kwa mamilioni, Athens ilibaki kuwa makao ya bendi.

Kabla hata ya kutafuta mahali pa mazoezi, kubalianeni nani ataandikwa kuwa mtunzi. Michael Stipe aliimba, Peter Buck alipiga gitaa, Mike Mills besi na Bill Berry ngoma, lakini nyimbo zao ziliandikwa kuwa za wote wanne kwa usawa, bila kujali nani alileta wazo. Mrabaha wa utunzi, yaani malipo ya wimbo kila unapotumika, humfuata aliyetajwa kuwa mtunzi, si aliyepiga ala siku ya kurekodi. Kwa hiyo wimbo ukivuma, mpiga ngoma asiyetajwa huukosa mrabaha huo huku mwenzake akilipwa kila redio inapoupiga, na hapo ndipo chuki huzaliwa. R.E.M. waliongeza sharti jingine, kwamba uamuzi mkubwa usipite mpaka wote wanne wauridhie. Andikeni makubaliano yenu sasa, mfukoni mkiwa hamna kitu, kwa kuwa fedha zikishaingia kila mmoja huanza kukumbuka mchango wake peke yake.

Kisha tokeni, mkapige miji ya jirani. Kwa takribani mwaka mmoja na nusu R.E.M. walizunguka kusini mwa Marekani ndani ya gari moja kuukuu, kila mmoja akijilisha kwa dola 2 kwa siku. Rudini pale mlipokwisha kupiga, maana msikilizaji wa mara ya pili huja na rafiki zake.

Rekodini wimbo mmoja mlioupiga jukwaani mpaka mkaujua kwa moyo. Mwaka 1981 R.E.M. walirekodi „Radio Free Europe” katika studio ndogo ya Mitch Easter, mtayarishaji aliyesimamia kurekodi kwao, mjini Winston-Salem, jimbo la North Carolina, wakautoa kupitia kampuni changa ya muziki ya Hib-Tone, na redio za vyuo vikuu zikaupokea. Kampuni ya I.R.S. iliposaini nao mwaka 1982, ilijaribu kuwapa mtayarishaji mwingine aliyewarudisha mara nyingi kwenye wimbo uleule na kuuongezea sauti za kinanda cha umeme. Walikataa, wakamrudia Easter pamoja na mtayarishaji mwenzake Don Dixon, na albamu ya „Murmur” ya mwaka 1983 ikachaguliwa na jarida la Rolling Stone kuwa albamu bora ya mwaka. Nasisitiza hapa: mtafuteni mtayarishaji anayeipenda sauti mliyonayo tayari, hata kama studio yake ni gereji.

Msitazamie mafanikio ya haraka. „Document”, albamu yao ya tano, ndiyo iliyowafikisha kwenye mauzo ya nakala milioni moja, na ilitoka mwaka 1987, miaka saba baada ya ile sherehe. Mwaka uliofuata walihamia Warner Bros. kwa sababu kampuni hiyo iliwahakikishia uhuru kamili wa kuamua muziki wao. Ikifika siku ya mkataba kama huo, soma kwanza kifungu kinachosema nani huidhinisha nyimbo, ndipo usome kile cha malipo. Uhuru huo ndio uliowawezesha, mwaka 1991, kutoa „Losing My Religion”, wimbo unaoongozwa na mandolini, ala ndogo ya nyuzi ambayo Buck alikuwa bado anajifunza. Ulifika nafasi ya 4 kwenye chati ya nyimbo nchini Marekani, na albamu yake, „Out of Time”, ikashika nafasi ya kwanza bila bendi kufanya ziara ya kuinadi.