Miyombo ya Kondoa kabla ya mvua
Mwenye nafasi mwezi wa tisa au wa kumi apande vilima vya Kolo, kaskazini ya Kondoa mjini, mvua zikiwa bado. Miti ya miyombo huchipua ardhi ikiwa kavu kabisa, na majani machanga hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, kisha hugeuka kijani. Lielekeze moja juani, bila kulichuma: mishipa yote inaonekana. Ni uzuri wa kipekee! Panda saa kumi jioni, jua likishalegea. Mchana jua ni kali na rangi zinafifia machoni. Beba maji ya kutosha. Pitia kwanza ofisi ya mambo ya kale pale Kolo upate mwongozaji, akuoneshe na michoro ya miambani, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006.