Namna ya Kulichambua Neno Otorinolaringolojia

Anza mwishoni, kwa kuwa maneno mengi ya kitabibu yenye asili ya Kigiriki hubeba kiini chake mkiani: lojia ni taaluma. Kisha rudi mwanzoni utenganishe mizizi, yaani oto (sikio), rino (pua) na laringo (zoloto, lile sanduku la sauti lililo kooni). Irabu o inayofunga kila mzizi ni gundi tu ya kurahisisha matamshi, wala haina maana yoyote peke yake. Sasa litamke polepole, o-to-ri-no-la-ri-ngo-lo-ji-a, silabi 10, ukiweka mkazo kwenye ji. Mizizi hiyo ikishakukaa kichwani, hata otitisi na laringitisi hazitakutisha, maana itisi huashiria uvimbe wa sehemu iliyotajwa.