Kupiga picha kando ya bahari kwa mgeni kutoka bara: jinsi ya kupanga saa, mahali na njia ya kurudi

Treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, bahari ilisogea karibu ghafla kwa sisi tunaoishi zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wake. Maharusi wa mitaa ya Dodoma kama Kisasa au Nkuhungu wanaotaka albamu yenye mawimbi nyuma yao sasa hupanda treni asubuhi, na ikifika adhuhuri wameshakanyaga mchanga wakiwa na mpiga picha wao, mifuko ya nguo na hamu ya kumaliza kazi mapema ili wawahi kurudi. Haraka hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika mwongozo huu, kwa kuwa bahari nayo ina ratiba yake, na asiyeijua hufika mahali pazuri katika saa mbaya.

Mimi niliijua ratiba hiyo kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na maharusi na msaidizi mmoja katika ufukwe mmoja wa Mkoa wa Pwani, maji yakiwa yamepwa mbali sana, nasi tukatembea hadi kwenye fungu la mchanga lililokuwa jeupe na tambarare kama sinia. Kazi ilikwenda vizuri kwa muda wa saa moja na nusu. Kila nilipoinua macho nilitazama mbele, yalikokuwa mawimbi, nikaridhika kwamba bado yako mbali. Mzee mmoja aliyekuwa akikunja nyavu ndiye aliyetupigia kelele: “Wanangu, maji yako nyuma yenu!” Tulipogeuka tulikuta mfereji tuliouvuka kwa kulowesha nyayo tu umejaa hadi kiunoni. Bibi harusi alivushwa akiwa ameshikwa mikono yote miwili, gauni likivuta maji na kumrudisha nyuma, na begi langu la lenzi lilibaki kwenye fungu. Tulipokwenda kumwamkia mzee na kumshukuru, alitikia marahaba, kisha akatuuliza swali moja: leo mwezi una siku ngapi? Hakuna aliyekuwa na jibu.

Anza na mwezi

Kwetu Dodoma maji ya mabwawa ya Hombolo na Mtera hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo ukisimamisha stendi ya kamera ukingoni saa 4 asubuhi, saa 8 mchana utaukuta ukingo palepale. Baharini maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kunakofuata hupita takriban saa 12 na dakika 25, ndiyo maana saa za leo husogea mbele kwa dakika 50 hivi kesho. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Katika siku za 8 na 22 za mwezi mwandamo huwa maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo. Katika mwambao wa Dar es Salaam na Unguja tofauti hiyo wakati wa bamvua hufika mita 3 na nusu au zaidi. Huo ni urefu wa ukuta wa nyumba ya kawaida.

Wavuvi hawahitaji karatasi kulijua hilo, lakini mgeni anaihitaji. Tafuta jedwali la kupwa na kujaa linalotolewa na mamlaka ya bandari, au programu ya simu inayoonyesha saa za maji kwa mji unaokwenda, uandike saa nne za siku hiyo kwenye kipande cha karatasi utakachokuwa nacho mfukoni. Simu huzimika.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawanya kimo chote katika sehemu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Chukua bamvua ya mita 3.6 kwa wepesi wa hesabu. Saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30 tu, na mtu aliye katikati ya kazi hawezi kuzitambua. Lakini katika saa ya tatu na ya nne hupanda sentimita 90 kila saa. Ikiwa ufukwe unainuka mita 1 kwa kila mita 100, ukingo wa maji utakufuata kwa mita moja na nusu kila dakika. Mwendo huo ni wa polepole kuliko wa mtoto anayetembea, hauna kishindo, na ndiyo sababu unawapata watu. Tena maji hayaanzii pale uliposimama. Huanza kujaza mabonde na mifereji, ambayo mara nyingi iko kati yako na nchi kavu.

Sasa liweke jambo hilo kwenye ratiba ya treni. Wakati wa bamvua, maji katika mwambao huo hujaa karibu na saa 10 hadi saa 11 alasiri, maana yake yamekupwa saa 4 au saa 5 asubuhi. Mgeni anayefika ufukweni saa 6 mchana anaukuta mchanga umetandazwa hadi upeo wa macho, anafurahi, anaingia ndani, na saa za hatari, yaani saa ya tatu na ya nne, zinamkuta huko kati ya saa 6 na saa 9 mchana. Ndivyo ilivyotukuta sisi. Kwa picha za jioni mtego ni mwingine: siku chache baada ya maji mafu, maji hupwa karibu na magharibi, kwa hiyo mwanga mzuri na mchanga mpana huja pamoja, halafu maji huanza kurudi gizani. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta giza huingia katika muda wa dakika 20 au 25 baada ya jua kuzama. Ukipanga picha ya siku hizo, kazi ya kwenye fungu iishe kabla jua halijagusa maji, na picha za mwisho upigie juu ya alama ya maji makuu, yaani ule mstari wa mwani mkavu na takataka ulioachwa mchangani.

Upande wa mashariki wa Unguja, penye Paje na Jambiani, wanawake wanaolima mwani huingia baharini na kutoka kwa kufuata maji. Wakianza kubeba vifurushi vyao kurudi, nawe rudi, hata kama bwana harusi hajapigwa picha ya peke yake.

Upepo na mawimbi ya mbali

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari pamoja na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, nazo ni rahisi kuzipata. Zisome siku moja kabla na tena asubuhi ya safari. Msimu wa kusi, yaani upepo wa kusini, hasa Juni hadi Septemba, huzichafua fukwe zinazotazama bahari kuu. Vimbunga ni vichache kwetu, lakini Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na siku kama hizo hakuna pembe ya ufukwe inayofaa kwa picha.

Lililo gumu kwa mgeni kuliamini ni wimbi linalokuja chini ya anga safi. Watu wa Gulwe na Mpwapwa wanaufahamu mto Kinyasungwe: mvua inanyesha milimani, kwako jua linawaka, na korongo linashuka limejaa. Mawimbi nayo huzaliwa na dhoruba zilizo mbali mno na husafiri maelfu ya kilomita, halafu huja kwa makundi; unaweza kuona madogo kwa dakika 10 nzima na kudhani kwamba hiyo ndiyo tabia ya mahali, kisha yakaja matatu au manne makubwa mfululizo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kufungua begi keti na kuitazama bahari kwa dakika 20. Maharusi watalalamika. Waache walalamike wakiwa wamekaa kivulini.

Kuchagua pa kusimama

Miamba mingi ya mwambao wetu ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe, na bahari huila kwa chini kwanza. Ukingo unaoonekana imara kutoka juu huenda ukawa kama kibaraza kisicho na nguzo. Kabla ya kumsimamisha mtu pale, shuka pembeni maji yakiwa yamepwa uutazame ukingo huo kwa ubavu. Ukiona umechimbika chini, kaa nyuma yake hatua nyingi, wala usiwapange watu sita mstarini juu yake. Rangi nayo inasema: mwamba mkavu wa kijivu haufikiwi na maji mara kwa mara, ilhali mwamba mweusi au wenye utando wa kijani hufikiwa kila siku na huteleza kama sabuni. Jiwe lililolowa bila mvua kunyesha lilipigwa na wimbi muda mfupi uliopita, na litapigwa tena.

Viatu vivae vya soli inayoshika. Kandambili hazifai, na kwenda peku ni kujitafutia miiba ya wanyama wa baharini na vidonda vya matumbawe, ambavyo hukawia kupona.

Wakati wa kupiga

Madaktari wa India walikusanya taarifa za vyombo vya habari za kuanzia Oktoba 2011 hadi Novemba 2017, wakahesabu vifo 259 vya watu waliokuwa wakijipiga picha. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2018, kuzama majini kuliongoza. Sishangai, kwa sababu anayejipiga picha huipa bahari kisogo na kuitazama kwenye kioo cha simu, na lenzi ya simu ni pana. Lenzi pana hulifanya wimbi lionekane dogo na la mbali kuliko lilivyo. Mpiga picha wa kazi naye hana kinga, kwani akiweka jicho kwenye kamera huona dirisha dogo tu la bahari, na wimbi linaloingia kwa pembeni hulisikia likiwa limeshafika.

Dawa yake ni mtu wa tatu ambaye hana kazi nyingine. Msaidizi huyo asishike taa wala kupanga shela; asimame kando, macho baharini, na neno la kuondoka likubaliwe mapema ili akilitamka hakuna anayeuliza. Anayepigwa picha asiingie majini kupita vifundo vya miguu ikiwa hajui kuogelea, na wengi wetu hatujui, wala haya haina nafasi hapo. Gauni la harusi likilowa huwa zito na hufunga miguu, kwa hiyo picha za majini zipigwe kwa nguo nyepesi fupi, mwishoni, maji yakiwa yanapwa. Mkanda wa kamera uning'inie begani upande mmoja, usizungushwe shingoni, ili uweze kuuacha uende. Kamera inunuliwe tena. Stendi ikichukuliwa na wimbi, usiifuate hata hatua moja.

Mtu akichukuliwa na maji

Usimrukie. Anayezama humkumbatia mwokoaji, na mara nyingi huzama wote wawili. Mrushie kitu kinachoelea: dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko sawasawa, likafungwa kamba ndefu, humshikilia mtu mzima, nasi wa Dodoma hatuna udhuru wa kukosa dumu. Libebeni. Mwingine apige kelele kwa wavuvi walio karibu na kupiga simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112 kwa polisi. Aliye majini mwambieni alale chali, aelee na kuinua mkono. Ikiwa ni mkondo unaomvuta nje, asishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuja nchi kavu, bali asogee kwa ubavu, sambamba na ufukwe, mpaka mkondo umwachie.

Akitolewa, asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo. Kama hapumui, apuliziwe pumzi 5 mdomoni huku pua imebanwa, kisha akandamizwe katikati ya kifua mara 30 na kupuliziwa pumzi 2, hivyo hivyo bila kukoma hadi msaada ufike. Kama anapumua lakini amekunywa maji na anakohoa, apelekwe hospitali hata akisema yuko salama, kwa kuwa mapafu yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye. Asipandishwe treni ya jioni hiyo kurudi Dodoma mpaka daktari amruhusu.