Somo: Jina la mwisho baada ya ndoa kwa mwenye taaluma

Mazungumzo ya jina baada ya ndoa huwa ya mapenzi na heshima ya familia, na hayo ni yenu wawili. Somo hili ni la makaratasi. Mtu anayefanya kazi jina lake limeshaandikwa kwenye leseni, mkataba, akaunti ya mshahara, pasipoti na pengine machapisho, na kila mahali pana ofisi yake, sharti lake na muda wake. Amueni mkiwa mmeyaona yote hayo, tena kabla ya siku ya kufunga ndoa, maana baadhi ya ofisi za usajili hutaka jina jipya litajwe papo hapo wakati wa kutia sahihi.

Hatua ya 1: Ijue sheria inayokuhusu

Mahali pengi ndoa haibadili jina yenyewe. Cheti kinakupa ruhusa tu, na usipoitumia unabaki na jina lako. Kwingine hata ruhusa hiyo haipo: katika jimbo la Quebec, Kanada, tangu 1981, mke hubaki na jina lake la kuzaliwa katika shughuli zote za kisheria, na Ugiriki ikafuata njia hiyo mwaka 1983, ingawa tangu 2008 huko mtu anaweza kuongeza jina la mwenzi wake wakikubaliana. Ufaransa jina la kuzaliwa halifutiki, na la mwenzi huongezwa kama jina la matumizi. Japani ni kinyume kabisa. Kifungu cha 750 cha sheria yao ya kiraia kinawataka wanandoa wawe na jina moja la ukoo, na Mahakama ya Juu ilikiunga mkono mwaka 2015 na tena 2021. Kwa ajili ya wanaofanya kazi kwa jina la zamani, tangu 2019 jina hilo linaweza kuandikwa kando ya jipya kwenye kadi ya utambulisho na leseni ya udereva.

Muulize msajili mambo mawili: je, cheti cha ndoa peke yake kinatosha kubadilisha kitambulisho, au inatakiwa pia hati ya kubadili jina? Na je, kuna ukomo wa muda? Hapo hapo omba nakala zilizothibitishwa, tano hivi. Ofisi nyingine hubaki na nakala yako au kukaa nayo wiki nzima, na ukiwa na moja tu kazi yote inasimama.

Hatua ya 2: Andika kila mahali jina lako lilipo

Chora jedwali la safu tatu: mahali jina lilipo, nani hulibadilisha, na nini kitasimama likipishana na mengine. Pitia leseni ya taaluma, bima ya dhima ya kazi (inayolipa ukidaiwa kwa kosa la kazini), mkataba wa ajira, benki, namba ya mlipakodi, pensheni, bima ya afya, pasipoti na viza, hati za nyumba na gari, akaunti za mtandaoni zinazoingiwa kwa baruapepe ya kazini.

Kisha chora mstari, na chini yake andika vitu visivyobadilika kwa fomu: makala, hataza za uvumbuzi, hukumu zenye jina lako, tuzo, wateja wanaokutafuta kwa jina. Vilivyo juu ya mstari ni usumbufu wa miezi michache. Vya chini havitakufuata kwenye jina jipya. Ikiwa chini pamejaa, ushauri wetu ni kutoligusa jina la kazi. Ikiwa ndiyo kwanza unaanza na pako wazi, badili ukitaka, na mapema ni bora kuliko baadaye.

Hatua ya 3: Chagua mtindo

Kubaki na jina lako hakuhitaji maelezo. Kuchukua la mwenzi moja kwa moja nako ni kwepesi, almuradi ufuate mpangilio wa hatua ya 4. Mitego iko kwenye mitindo miwili iliyobaki.

Kuunganisha majina mawili. Hapa kistari kidogo kina kazi kubwa. Bila kistari, mifumo mingi huchukua neno la mwisho kama jina la ukoo na kulisukuma la kwanza kuwa jina la kati, hivyo kwenye orodha utatafutwa kwa nusu ya jina. Kistari nacho kina shida zake: fomu nyingine za mtandaoni hukikataa, nyingine hukifuta na kubandika majina pamoja. Kwenye pasipoti, chini ya picha, kuna mistari miwili inayosomwa na mashine. Mstari wa kwanza una nafasi 44, tano ni za aina ya hati na nchi iliyoitoa, na 39 ndizo za majina yote. Kistari hakiandikwi humo, nafasi yake huwekwa alama ya <, na jina refu hukatwa. Pima jina lako kwa nafasi hizo 39 kabla ya kuamua.

Majina mawili kwa wakati mmoja, la kisheria na la kazi. Wenye jina lililokwisha kujulikana hupenda njia hii, na kwa kweli inafaa kwa msanii, mwandishi, mtafiti au mshauri. Ila ina mpaka. Penye rejesta ya taaluma, kama udaktari, uuguzi, uanasheria, uhandisi au uhasibu, unatia sahihi kwa jina lililo kwenye rejesta. Cheti cha dawa au ripoti ya ukaguzi yenye jina lisilo kwenye rejesta inaweza kukataliwa, na kampuni ya bima ya dhima inaweza kuhoji ni nani hasa iliyemkatia bima. Mikataba nayo iandikwe kwa jina la kisheria, kisha liongezwe "anayejulikana pia kama" na jina la kazi.

Hatua ya 4: Fuata mpangilio

Anza na hati mama: kitambulisho cha taifa au rejesta ya raia. Fuata na namba ya mlipakodi na hifadhi ya jamii, kisha pasipoti. Benki na mshahara vibadilishwe katika mwezi ule ule. Waulize wa malipo wanafunga orodha tarehe ngapi, maana mshahara uliotumwa kwa jina jipya kwenda akaunti yenye jina la zamani unaweza kurudishwa. Leseni ya taaluma ije kabla ya mhuri, kadi za kazi na karatasi zenye nembo.

Baruapepe iwe ya mwisho. Omba ya zamani iendelee kupokea kwa angalau mwaka mmoja, na kabla haijafungwa hamisha akaunti zote zinazotuma namba za siri humo.

Usibadili chochote ukiwa katikati ya ombi la viza, mkopo, mtihani wa bodi au usaili wa kazi. Ombi lililoanza na jina moja limalizike nalo. Sahihi yako, kama haionyeshi jina, iache ilivyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtafiti, nina makala sita kwa jina la zamani. Nikibadilisha, zitahesabiwa kuwa zangu?

Marahaba. Zitakuwa zako, ila mifumo haitajua bila kuambiwa. Fungua namba ya ORCID, yaani namba ya kumtambulisha mtafiti hata jina likibadilika; ni ya bure na ina tarakimu 16. Ndani yake andika majina yote mawili, unganisha makala zote sita, kisha itumie namba hiyo kila unapowasilisha kazi mpya. Baadhi ya wachapishaji wakubwa siku hizi hukubali kubadilisha jina hata kwenye makala za zamani, lakini waliokwisha kukunukuu kwa jina la awali hawatarekebishwa.

Swali: Safari ni wiki mbili baada ya harusi. Tiketi ikatwe kwa jina gani?

Kwa jina lililo kwenye pasipoti utakayosafiri nayo, yaani la zamani. Pasipoti ibadilishwe ukirudi. Walioagiza tiketi kwa jina jipya huku pasipoti ikiwa ya zamani hukwamia kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, na shirika lingine hulazimisha kununua tiketi upya.

Swali: Dada, vyeti vyangu vya chuo je? Nirudi wanipe vipya?

Usijisumbue. Vyuo vingi havichapishi upya, kwa hoja kwamba cheti kinaonyesha jina la siku uliyohitimu. Ambatisha nakala ya cheti cha ndoa kila unapotuma maombi, na kwenye wasifu andika jina jipya pamoja na "awali" na la zamani. Anayehakiki vyeti apewe majina yote mawili tangu mwanzo. Akipewa moja atapiga simu chuoni, aambiwe hakuna mhitimu wa jina hilo.

Swali: Mume anataka kuchukua jina la mke. Hatua ni hizi hizi?

Kuanzia hatua ya pili, ndiyo. Ya kwanza ndiyo ya kuangalia kwa makini. Kuna sheria zinazompa mke pekee njia fupi ya cheti cha ndoa, na mume hupelekwa njia ndefu ya kubadili jina: kiapo, ada, pengine tangazo kwenye gazeti la serikali. Apange miezi ya ziada.

Swali: Na ndoa ikivunjika?

Hati ya talaka hutumika kama cheti cha ndoa kilivyotumika, kwa mpangilio ule ule. Mwombe wakili wako aliingize ombi la kurejea jina la zamani ndani ya amri ya mahakama yenyewe. Lisipoandikwa humo, mahali pengine utatakiwa kufungua maombi mapya ya kubadili jina na kulipia tena.

Swali: Nimebaki na jina langu, watoto wana la baba. Kuna tatizo?

Mpakani, wakati mwingine. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye majina ya wazazi wote wawili, na ukisafiri naye peke yako beba pia barua ya ridhaa ya baba iliyothibitishwa na wakili.